Nchi saba kwa siku 12: hiyo ni fungate au zamu mbili mfululizo?

SEHEMU YA 1

Wapendwa, niliahidi kwamba nitasema. Leo nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimekula, kichwa kimetulia. Nasema.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni muuguzi wa diploma, wodi ya wazazi, mwaka wa tisa sasa. Mwenzangu ni fundi wa friji na viyoyozi, amejiajiri. Ndoa yetu ni Agosti. Tuliamua zamani: harusi iwe ndogo, fungate iwe Ulaya, katikati ya Septemba, majani yao yakianza kupukutika. Hela tumeweka miaka minne. Kwa hiyo wale wa "sista wa diploma atatoa wapi" naomba mpumzike, mada yenu si ya leo.

Ugomvi wangu leo ni na hii biashara ya "paketi ya fungate, nchi saba". Nimeshaliwa hela humo. Sitaki mdogo wangu yeyote aliwe.

SEHEMU YA 2

Wakala wetu (jina silitaji, msiniulize) alitupa karatasi nzuri ya rangi. Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Venice, Roma. Nchi saba, miji minane, siku 12. Juu kabisa ameweka picha ya watu wawili wamekumbatiana.

Mie nilifurahi, sidanganyi. Nikaituma kwenye kundi la familia, shangazi akajibu kwa vigelegele.

Aliyeanza kuuliza ni mwenzangu. Yeye fundi, anapenda kuhesabu. Akachukua kalamu akajumlisha saa za treni peke yake: Amsterdam hadi Berlin kama saa sita, Berlin hadi Prague zaidi ya nne, Prague hadi Vienna nne, Vienna hadi Venice zaidi ya saba. Ukiweka na zile fupi, jumla inapita saa 25 umekaa kwenye kiti. Hapo hujahesabu kufunga begi, kutafuta stesheni, na yale masaa ya katikati ambapo hoteli ya zamani imeshakutoa asubuhi na hoteli mpya inakupokea alasiri. Unazunguka na begi mjini kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Jamani, mimi najua kuchoka. Najua mtu aliyelala saa nne usiku tatu mfululizo anakuwaje: anajibu vibaya, anasahau, analia kwa kitu kidogo. Kazini huwa tunamwambia muuguzi mfawidhi apange upya ratiba ya zamu. Sasa wewe unataka kumweka mumeo wa wiki mbili kwenye hali hiyo, tena kwa kulipia? Hata mgonjwa ukimhamisha kitanda kila siku hapati usingizi.

SEHEMU YA 3: hela ilivyoondoka

Pamoja na hesabu ile, tuliendelea. Hili ni kosa letu na nalikubali. Wakala akasema "msiogope, viza mimi nazijua".

Alichofanya: aliweka nafasi za hoteli miji yote minane, tukapeleka maombi, na siku mbili baadaye akazifuta zote bila kutuambia. Akamwambia mwenzangu akope laki kadhaa kwenye kikoba azitumbukize benki "ili akaunti ionekane imeshiba". Tulikataa la kikoba. La hoteli hatukulijua.

Jibu lilikuja. Tumenyimwa wote wawili. Kwenye fomu wameweka alama kwenye kisanduku kinachosema maelezo ya lengo na mazingira ya safari yetu hayaaminiki. Nilikasirika siku nzima. Siku ya pili nikakaa na ile karatasi ya rangi nikajiuliza: mimi mwenyewe, ningekuwa dirishani pale, ningeamini? Wanandoa wapya, kila usiku mwingine nchi nyingine, hoteli zote zimefutwa. Nisingeamini.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ukinyimwa hairudi. Watu wawili ni yuro 180. Kwa hela yetu ni kama laki tano. Wakala naye hakurudisha chake. Aliniambia, "Sista, bahati tu haikuwepo."

Bahati! Huku wodini mtu akikosea dozi hatuandiki "bahati haikuwepo".

SEHEMU YA 4: "lakini nauli ni ileile"

Najua mtakachosema, maana nami nilisema: nauli ya ndege ni ileile, viza moja inafungua nchi 29, kwa nini nisione nyingi?

Hoja ina ukweli. Viza ni moja kweli, na ukishaingia, kutoka nchi hadi nchi ndani ya Schengen kwa kawaida hakuna dirisha la uhamiaji. Ila kila unapohama kuna tiketi, kuna nusu siku imeondoka, na kuna usiku wa kwanza kwenye kitanda kigeni. Ukihama mara saba, siku tatu na nusu zimekwenda. Ongeza siku ya kufika na siku ya kuondoka. Fungate ya siku 12 imebaki kama wiki moja, na hiyo wiki imekatwakatwa vipande.

Sasa nani anafaidika na hizo nchi saba? Wakala, kwa sababu kila hoteli na kila tiketi ana chake. Na simu yako, itapata picha nane zenye minara. Ninyi wawili mmepata nini? Mtarudi mnabishana lile daraja lilikuwa Prague au Paris.

Tena kuna wanaoongeza na London kwenye karatasi hiyohiyo kana kwamba ni jirani tu. Uingereza haimo Schengen. Ni viza nyingine, ada nyingine, na ukitoka Schengen kwenda London kisha urudi Paris, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Wakala anayekuuzia London bila kukwambia hivyo, kimbia.

SEHEMU YA 5: ambayo hakutuambia (andikeni pembeni)

Hakuna "viza ya wanandoa". Kila mmoja ana fomu yake, ada yake, alama zake za vidole.

Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Usipeleke kokote kwenye miadi ya karibu halafu ukachezea idadi ya siku.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, linaweza kufika 45. Kwa Septemba, Juni uwe umeshapeleka.

Bima ya safari ya matibabu isipungue yuro 30,000, na iwe inagharamia hata kukurudisha nyumbani. Hii kama muuguzi nasisitiza: msiichukulie kama karatasi ya kukamilisha faili.

Mabibi harusi, jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti. Usibadili jina la ukoo wiki ya harusi wakati viza imetoka kwa jina la baba. Cheti cha ndoa beba, jina utabadilisha ukirudi.

Aliyeajiriwa apeleke barua ya mwajiri inayoonyesha likizo. Aliyejiajiri apeleke leseni ya biashara, TIN na taarifa ya benki ya miezi kadhaa yenye hela inayoingia na kutoka kawaida. Milioni tatu zilizodondoka juzi usiku zinajieleza zenyewe.

SEHEMU YA 6: tulivyopanga upya

Safari hii tulifunga simu, tukaulizana swali moja ambalo wakala hakuwahi kutuuliza: wewe unataka nini hasa huko?

Mwenzangu amekulia Tabora, karibu na reli. Anataka treni ya milimani. Mimi nataka Vienna, na sababu yangu mtaicheka. Kwenye hospitali kuu ya Vienna, mwaka 1847, daktari anaitwa Ignaz Semmelweis aliagiza madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja wodi ya kujifungulia, na akina mama walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Vifo vikashuka. Wenzake wengi hawakumkubali. Majengo ya hospitali ile ya zamani sasa ni ya chuo kikuu, watu wanapita uani wanakunywa kahawa. Mimi nanawa mikono mara arobaini kwa zamu. Nataka nisimame pale na mume wangu hata nusu saa.

Kwenye karatasi ya wakala, Vienna tulikuwa tunafika jioni na kuondoka alfajiri.

Basi mpango wetu: usiku nne Roma, tatu Venice, mbili Ljubljana huko Slovenia, tatu Vienna. Usiku 12, nchi tatu zinazopakana, tunahama mara tatu tu. Tunaingilia Roma, tunatokea Vienna, hatulipi nauli ya kurudi nyuma. Usiku saba ni Italia, kwa hiyo ubalozi ni wa Italia, hakuna mjadala. Kutoka Ljubljana kuna basi la kama saa moja kwenda ziwa Bled, tutaenda na kurudi bila begi. Na kutoka Ljubljana kwenda Vienna treni inapita reli ya Semmering, iliyofunguliwa 1854 na kuingia urithi wa dunia wa UNESCO 1998. Ni kama saa sita. Mwenzangu keshasema tusinunue kiti cha upande usio na mabonde.

Na kwa nini Septemba? Katikati ya Agosti Waitaliano wengi wako likizo, maduka kibao yamefungwa, joto kali. Septemba joto limepungua, na Roma bado unatembea bila koti. Vienna beba sweta. Ila ukitaka kupitia Munich angalia tarehe za Oktoberfest kwanza, huanza Septemba hiyohiyo, na bei za vyumba hupanda usiombe.

SEHEMU YA 7, ya mwisho

Sisemi msiende. Wala sisemi nchi tatu ni sheria. Mwenye mwezi mzima aende saba, na raha mustarehe. Nawaambia ninyi wenye wiki mbili za likizo na akiba ya miaka minne: anzeni na kitu kimoja anachokitaka kila mmoja wenu, halafu ramani ifuate. Mtu akikuletea ramani kabla hajakuuliza hilo, huyo anapanga safari yake kwa hela yenu.

Maombi mapya tumepeleka wiki iliyopita. Hoteli ni za kweli na tumeziweka wenyewe. Tukipata nitawaambia, tukinyimwa pia nitawaambia, na tutaenda Lushoto na sweta zetu.

Mawakala mlioanza kuniandikia faragha "sista tuongee", sijibu. Andikeni hapa hapa kila mtu asome. Kwanza wa ile karatasi ya rangi: ulifuta hoteli zetu kwa nini?

Naingia zamu saa mbili usiku. Maoni nitasoma kesho.