Gesi ni nafuu, lakini shamba liko mbali

MWENYE Land Cruiser kuukuu ya petroli anajua machungu ya kituo cha mafuta. Ndiyo maana gesi asilia ya Songo Songo, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2004, inamvutia. Kilo moja hufanya kazi ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Mwaka 2023 iliuzwa karibu Sh1,550, huku lita ya petroli ikipita Sh3,000.

Hata hivyo, mtungi ni mzito, hula nafasi ya mizigo, na vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam. Anayezunguka mjini kila siku hurudisha mapema gharama za kufunga mfumo. Mkulima wa mbali atabeba mtungi mtupu huku akichoma petroli ileile.