Kabla ya Kumfuta Mtu Kazi kwa Sababu ya Rangi Nyekundu, Muulize

Wasee, leo hatuongei mambo ya kutengeneza pesa mtandaoni. Wiki iliyopita mfuasi wangu mmoja alinitumia DM saa tano usiku. Yeye yuko kwa idara ya HR, kampuni ya kufua mashuka ya mahoteli na hospitali hapa Nairobi. Mdosi wao amenunua programu ya kupima wafanyakazi. Inachukua saa za kuingia, siku za kukosa kazi, kilo zilizofuliwa kwa kila zamu, inachanganya zote, alafu inampa kila mtu rangi: kijani, manjano ama nyekundu. Sasa ameambiwa alete orodha ya watu 8 wa kufutwa kwa utendaji mbaya, na orodha itoke hapo kwa programu. "Data haina upendeleo," mdosi alimwambia. Akaniuliza, wewe unaona aje?

Kwanza niseme ukweli. Mimi si mtaalamu wa HR. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na sijawahi kukaa darasa hata moja la usimamizi. Lakini hiyo rangi nyekundu naijua vizuri. Nimewahi kuwa nyekundu.

Baada ya kuacha chuo nilipata kazi kwa kituo cha simu, upande wa Mombasa Road. Kampuni siitaji. Tulikuwa tunapokea simu za watu walionunua taa za sola kwa mkopo. Mteja akilipa anatumiwa tokeni, nambari ndefu hivi, anaiingiza kwa mashine yake na taa inawaka. Ukipiga, unabonyeza 1 upate Kiswahili, 2 upate Kiingereza. Niliwekwa laini ya Kiswahili kwa sababu kwenye mahojiano walisema Kiswahili changu kiko sawa. Nikadhani hiyo ni sifa.

Ukutani kulikuwa na skrini kubwa yenye majina yetu wote, na kando ya kila jina, wastani wa muda unaotumia kwa simu moja. Lengo lilikuwa dakika 4. Mimi nilikuwa dakika 6 na nusu. Nyekundu, kila asubuhi, mbele ya watu.

Sasa, anayebonyeza 2 mara nyingi alikuwa kijana anayejua shida yake. Nitumie tokeni tena, asante, kwaheri. Anayebonyeza 1 alikuwa mzee wa Kitui ama nyanya wa Kakamega. "Ngoja nitafute miwani." "Ngoja nimwite mjukuu." Unamsomea nambari moja moja, anakosea ya tisa, mnaanza upya. Mimi kwangu hiyo ndo ilikuwa kazi yenyewe. Taa ikiwaka unasikia mpaka watoto wakipiga kelele huko nyuma.

Kando yangu alikaa jamaa mmoja, pia wa laini ya Kiswahili, lakini kijani kila siku. Nilimuuliza siri yake. Akacheka. Akiona mzee ameanza kutafuta miwani, anasema "hello? hello? sikupati," alafu anakata. Mzee anapiga tena. Na mara nyingi ni mimi nilikuwa namshika, tayari amekasirika, ananiambia, "Kijana wenu amenikatia mara tatu."

Fanya hiyo hesabu. Simu zake tatu za sekunde 50 zilimpa kijani. Simu yangu moja ya dakika 9 ilinipa nyekundu. Aliyesaidia mteja ni mimi, lakini kwa skrini mimi ndo mzigo wa kampuni.

Na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba jibu lilikuwa humo humo ndani ya data yao. Mfumo ulikuwa unaweka nambari ya kila anayepiga na saa aliyopiga. Mtu angeuliza swali moja tu, huyu mteja alipiga tena siku hiyo, picha yote ingegeuka. Hakuna aliyeuliza. Supavaiza alikuwa ananionyesha skrini, mimi namwonyesha skrini, tunaachana hapo.

Sasa sehemu ambayo sijawahi kuandika mahali. Mwezi wa mwisho wa kandarasi yangu, nami nilianza kukata. Nilihitaji ile kazi, keja ilikuwa na deni la miezi miwili. Namkumbuka mzee mmoja akisema, "Subiri mjukuu wangu, usikate." Nikakata. Wiki hiyo nikapanda mpaka manjano, na kwenye mkutano wa asubuhi wakanipigia makofi kwa kuimarika. Kandarasi haikuongezwa hata hivyo, kwa sababu wastani wa miezi mitatu bado ulikuwa nyekundu. Barua pepe ya mistari mitatu, imeisha. Lakini makofi ndo yalinikaa zaidi kuliko ile barua.

Najua wengine mtasema, basi tupa hizi data zote, turudi kwa utu. Hapana. Hapo mimi sikubaliani na nyinyi.

Tuambiane ukweli, kabla ya data huku kwetu kazi zilikuwa zinapatikana aje, na bado nyingi zinapatikana aje? Unajua nani. Wewe ni mtoto wa nani. Jina lako la mwisho ni la wapi. Mdosi akisema "roho yangu inaniambia huyu ni mzuri," mara nyingi roho yake inaongea lugha ya mama yake. Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, sehemu ya 7, inasema hakuna taasisi ya umma inayofaa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Utajuaje kama theluthi imepitwa? Lazima uhesabu. Bila kuhesabu, kila mtu anaapa kwamba ofisi yake ni sura ya Kenya.

Kwa hivyo data inaweza kumtetea mnyonge. Na inaweza hata kumfundisha mdosi. Google, karibu mwaka wa 2009, walianza utafiti wa ndani walioupa jina Project Oxygen. Walitaka kujua meneja mzuri ana nini. Hii ni kampuni ya mainjinia, ungetarajia jibu liwe ujuzi wa kompyuta. Walipochambua ripoti za utendaji na maoni ya wafanyakazi, walipata tabia 8, na ujuzi wa kiufundi ukawa wa mwisho. Wa kwanza ulikuwa kuwa kocha mzuri kwa watu wako. Lakini angalia kitu kimoja: hawakusoma nambari peke yake. Walikaa chini na mameneja wakawahoji pia. Nambari ziliwaonyesha pa kuangalia, watu wakawaeleza kinachoendelea.

Ukiruka hiyo hatua ya pili, unapata mambo mawili mabaya.

La kwanza, mashine inarithi makosa ya zamani alafu inayaita akili. Amazon walijaribu kutengeneza programu ya kuchambua CV. Waliifundisha kwa CV za miaka 10 iliyopita, nyingi zikiwa za wanaume. Reuters walivyoripoti Oktoba 2018, ikajifunza kushusha alama za CV zenye neno linalohusu wanawake, kwa mfano ukiandika kwamba ulikuwa nahodha wa klabu ya chesi ya wanawake. Mradi ukaachwa. Hakuna mtu aliyekaa chini akaandika "wakatae wanawake." Historia ndiyo iliandika.

La pili, watu wataipa skrini kile skrini inataka. Benki ya Wells Fargo huko Marekani iliwabana wafanyakazi kwa malengo ya mauzo, kila mteja lazima awe na akaunti nyingi. Septemba 2016 ikatozwa faini ya dola milioni 185, baada ya kujulikana kwamba wafanyakazi walikuwa wakifungua akaunti bila wateja kujua, huenda zikafika milioni 2. Benki ikasema imefuta watu karibu 5,300. Wengi watasoma hapo waone watu 5,300 wabaya. Mimi nikisoma namwona yule mzee akisema "usikate."

Hata kwa hii kazi yangu ya sasa naishi na nambari. Kila asubuhi, kabla ya chai, naangalia watazamaji ni wangapi na walitoka dakika ya ngapi. Zinanisaidia. Lakini video yangu iliyotazamwa zaidi ni ile nilianguka na ndoo ya maji kwa ngazi. Nikifuata nambari peke yake, kazi yangu itakuwa kuanguka.

Kwa hivyo nilimjibu huyu dada wa HR hivi. Usiikatae hiyo orodha, mdosi atakuona mkaidi. Ichukue. Lakini kwa kila jina, jiulize maswali matatu. Moja, hii nambari inapima nini hasa: mtu, ama kazi aliyopewa? Mbili, ni nani amefanana na huyu, na wanafanya zamu moja, mashine moja, mtaa mmoja? Kama wekundu wote wanatoka mahali pamoja, shida iko hapo mahali. Tatu, umemuuliza mwenyewe?

Hilo la tatu si huruma, ni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 41, inasema kabla ya kumfuta mtu kwa utendaji mbaya lazima umweleze sababu kwa lugha anayoelewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake ama mwakilishi wa chama aliyemchagua, na umsikilize. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sehemu ya 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo kubwa la maisha yake na mashine peke yake. Kwa hivyo "programu imesema" haitakusaidia mbele ya hakimu. Na wewe mfanyakazi unayesoma hapa, hiyo sheria ya data inakupa pia haki ya kuona data yako wanayoishikilia, na kutaka irekebishwe kama si ya kweli. Itisha. Itisha kwa maandishi.

Juzi akanitumia voice note. Ameanza na jina la kwanza kwa orodha, mama mmoja wa sehemu ya kufua ambaye mfumo unaonyesha amechelewa mara 11 kwa mwezi mmoja. Alimwendea wakati wa chai, akamuuliza pole pole. Yule mama akamwonyesha vidole. Miaka ya sabuni kali na maji moto imevisugua mpaka vikawa laini. Anafika saa kumi na mbili kasorobo, mashine ya alama za vidole inakataa, anajaribu mara tano, mara sita, foleni nyuma inalalamika. Mwisho askari wa lango anamwandika kwa daftari na anaingia. Daftari liko. Saa zake ziko mle, kwa kalamu. Lakini daftari haliingii kwa programu, kwa hivyo kwa programu ameingia ile saa kidole kilikubali, baada ya chakula cha mchana huko.

Wacha hiyo ikae kidogo. Yule mama alikuwa anakaribia kufutwa kwa sababu amefua sana.

Bado kuna majina 7, na mdosi anataka orodha Ijumaa. Sijui atafanya nini akiletewa daftari. Anaweza kusema asante, anaweza kusema "nilikuambia ulete watu 8." Huyu dada anaogopa, na mimi naelewa, kwa sababu hata yeye ana rangi yake kwa hiyo programu.

Lakini akiniuliza tena usiku wa Alhamisi, nitamwambia kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku ile nilikata simu ya mzee. Nambari ikikuonyesha mtu, inuka kwa kiti uende umuone. Itakuchukua dakika 9. Itakuharibia wastani. Enda tu.

Kama umewahi kuwa nyekundu kazini, niandikie hapo chini kilichokuwa kinaendelea kweli, kile skrini haikuona. Usitaje kampuni. Nitasoma zote.