Bomba la Inchi Moja

Mwezi uliopita nilikaa karibu saa nzima katika karakana moja ya Chang'ombe nikiangalia kipande cha bomba kilichotolewa kwenye boila ya kiwanda. Kilikuwa kifupi, cha inchi moja, na mwisho wake umechomelewa kwenye soketi nene. Kwa macho kilikuwa kizima. Fundi alikisugua kwa kitambaa chenye thina, akakipulizia rangi nyekundu ya kopo, akatazama saa yake. "Subiri mzee, hii haitaki pupa," akaniambia. Baada ya dakika kumi na tano akaifuta rangi yote mpaka chuma kikarudi kung'aa, kisha akapulizia unga mweupe laini kama chokaa. Tukainama. Mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukaanza kujichora polepole kando ya mshono, ukazunguka karibu robo ya bomba. Rangi ilikuwa imejificha ndani ya ufa, na sasa ule unga ulikuwa unaifyonza itoke.

Mabomba yaliyoletwa yalikuwa manne, yote ya boila ile ile. Mwenye mali alikuwa amelipia moja lipimwe.

Methali yetu ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na sijawahi kuhudhuria semina ya matengenezo isiyofunguliwa nayo. Nina ugomvi nayo kidogo. Inamlaumu mtu aliyeuona ufa akazembea. Haisemi lolote juu ya ufa ambao hakuna aliyeuona, wala juu ya ule ulioonekana ukapewa jina jingine. Toleo hili ni la nyufa za aina hizo mbili. Wasomaji watakuta humu boila za viwanda vya sukari, lifti za maghorofa na mabomba ya gesi. Mimi nimechagua kufungua kwa vituo vya nyuklia, na najua wapo watakaouliza tunavitafutia nini sisi ambao hatuna hata kimoja.

Hatuna, lakini tumeshaanza kuvitaja kwa majina ya vijiji. Kenya ilitaja Uyombo, Kilifi. Wenyeji wakapinga, na baadaye macho yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda inataja Buyende. Mjadala wenyewe umejaa megawati, mabilioni na taka za miaka elfu. Hayo yote ni ya haki kuulizwa. Ila bado sijamsikia mbunge hata mmoja akiulizia bomba la inchi moja.

Katika kinu cha nyuklia cha maji yenye shinikizo, bomba kuu ni jitu la upana wa sentimita 70 na ushei, na kila mhandisi analijua mshono kwa mshono. Kandokando yake wameota watoto: mabomba ya kupimia shinikizo, ya kutolea hewa, ya kumwagia maji wakati wa matengenezo, ya kuchotea sampuli. Wamarekani huliita dogo bomba lisilofika inchi 4. Maji yaliyomo ni yale yale ya bomba kuu, yana joto la nyuzi kama 300 na shinikizo la takribani mara 150 ya hewa tunayovuta.

Fundi bomba wa mtaani ataielewa mara moja namna yanavyoungwa. Bomba huchomekwa ndani ya soketi, likavutwa nyuma kama milimita moja na nusu ili chuma kikipata joto kiwe na pa kutanukia, kisha huchomelewa kwa kuzunguka nje. Ufa unapoanza, mara nyingi huanzia ndani, kwenye mzizi wa mshono, mahali ambapo jicho halifiki na hata mawimbi ya sauti, ndugu wa yale ya altrasaundi ya hospitali, hupotea njia kwa sababu ya lile umbo la kona na mwanya. Rangi nyekundu ya Chang'ombe nayo haina msaada mpaka ufa uwe umeshatokeza nje.

Chukua sasa kijibomba kilichosimama wima na valvu nzito kichwani, kama mpapai uliozaa tunda moja kileleni. Karibu yake kuna pampu. Kila mtetemo ni mdogo kiasi kwamba ukiweka kiganja utasikia kama paka anayekoroma. Lakini mtetemo wa mara 25 kwa sekunde ni zaidi ya mara milioni mbili kwa siku, na kila aliyewahi kukata waya bila koleo, kwa kuukunja huku na huku, anajua mwisho wake. Huo ndio uchovu wa chuma. Upo na uchovu wa joto, pale maji ya baridi yanapopenyeza kwenye ya moto kupitia valvu isiyofunga sawasawa, bomba likatanuka na kusinyaa usiku na mchana. Na ipo njia ya tatu, iliyo ya kimya kuliko zote: chuma kilichobaki na mvuto ndani yake tangu siku kilipochomelewa huliwa taratibu na kemikali iliyomo ndani ya maji au hewani, kikapasuka bila kupungua unene wala kubadilika rangi.

Kwa miaka mingi kanuni za Marekani ziliyatendea mabomba haya kama watoto wa jirani. Madogo yalipimwa juu ya ngozi tu, na yale ya inchi moja kushuka chini yaliangaliwa kama yanavuja, basi. Vituo vilipoanza kuomba leseni zao za miaka 40 ziongezwe zifike 60, wadhibiti wakataka ushahidi zaidi. Mwongozo wao wa mwaka 2010 unafurahisha kwa namna yake. Kituo kilichofanya kazi zaidi ya miaka 30 bila bomba dogo kupasuka kwa uzee kinaruhusiwa kupima asilimia 3 ya mishono ya kila aina, isizidi 10 kwa kinu kimoja, na mara moja tu. Chenye umri mdogo kuliko huo kipime asilimia 10, isizidi 25. Mshono uliokatwa na kupasuliwa maabara unahesabiwa kama miwili. Kituo kilichowahi kupata ufa bila kurekebisha chanzo chake hakipewi nafuu hiyo. Kinapaswa kurudia ukaguzi kila kipindi.

Mishono kumi! Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki. Mkaguzi wa mishono hii hulala chali kwenye upenyo usiotosha mtu mmoja, kifaa cha kupima mionzi kikiwa kifuani, na kila dakika yake inaandikwa. Kupima kila kitu ni kuwamalizia watu kiwango chao cha mionzi cha mwaka kwa mabomba ambayo mengi yake ni mazima. Sampuli ni jambo la busara. Kinachonikosesha usingizi ni yale maneno yaliyotangulia: kituo ambacho bomba lake *halijapasuka*. Hesabu yote imesimama juu ya kumbukumbu, na kumbukumbu huandikwa na watu wanaotaka kituo kiendelee kuzalisha.

Vituo viwili vya Marekani vinanitosha kueleza. Maji ya kinu huchanganywa na asidi ya boriki. Yakivuja kupitia ufa mwembamba, maji hugeuka mvuke na asidi hubaki nje ikiwa unga mweupe, mfano wa ile chumvi inayoganda kwenye sufuria ya maji ya kisima. Unga huo ndio barua pekee ambayo ufa humwandikia binadamu.

Huko Davis-Besse, Ohio, barua zilifika kwa miaka. Unga ulirundikana juu ya kifuniko cha kinu, pale vijibomba vinavyopitisha fimbo za kuongozea vinapopenya. Katika matengenezo ya mwaka 2000 ulipigwa picha ukiwa umechanganyika na kutu, mwekundu, ukichuruzika. Vichujio vya vifaa vya kupima hewa ndani ya jengo vilikuwa vinaziba kwa vumbi la kutu, navyo vikabadilishwa, vikaziba tena, vikabadilishwa tena. Nani kati yetu hajapanda daladala ambayo dereva huongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi na kuiita hiyo sevisi? Mdhibiti alivitaka vituo vilivyokuwa kwenye hatari kubwa vikague vijibomba hivyo kabla ya mwisho wa 2001. Davis-Besse ikaomba muda, ikaongezewa wiki kadhaa, hadi katikati ya Februari 2002. Mwezi Machi mafundi wakakuta shimo. Asidi ilikuwa imekula chuma cha kifuniko chenye unene wa zaidi ya sentimita 16, na kilichobaki kuzuia shinikizo lote lile ni ngozi ya ndani ya chuma kisichoshika kutu, unene wake chini ya sentimita moja.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2003, wakaguzi wa kituo cha South Texas walikwenda chini ya tumbo la kinu chao, ambako vijibomba 58 vya vipimo huingilia. Viwili kati yake vilikuwa na unga shingoni. Unga wote kwa pamoja ulikuwa mwepesi kuliko kidonge kimoja cha aspirini. Hakuna kipimo cha maji kilichokuwa kimeonyesha upungufu wowote. Uvujaji ulikuwa mdogo mno kuonekana kwenye hesabu. Unga ungeweza kupanguswa kwa kitambaa na mtu akaenda kula. Hawakupangusa. Uliokotwa, ukapelekwa maabara, ukajulikana kuwa umetoka ndani ya kinu, na kinu kikakaa kimezimwa miezi kadhaa kikitengenezwa.

Unga ni ule ule. Vifaa vya Ohio havikuwa duni. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa mbele ya unga: wa kwanza waliuliza utasafishwa lini, wa pili wakauliza umetoka wapi.

Na kuna ufa, au ulaji wa chuma, usiopata hata bahati ya kusomwa vibaya, kwa sababu mahali pake hapamo kwenye orodha. Mihama, Japani, tarehe 9 Agosti 2004: bomba la upande wa mvuke, halikuwa dogo wala halikupasuka kwa ufa, lilikuwa limekwanguliwa na maji kwa ndani tangu kinu kilipoanza kazi mwaka 1976. Unene wake wa milimita 10 ulibaki chini ya milimita moja na nusu, na pengine pungufu ya nusu milimita. Sehemu ile ilisahaulika kuandikwa kwenye orodha ya ukaguzi. Kosa lilikuja kugunduliwa, na ukaguzi wake wa kwanza katika miaka 28 ukapangwa ufanyike kituo kitakapozimwa, siku chache baada ya ile tarehe 9. Wafanyakazi waliokuwa wakiandaa vifaa vya matengenezo hayo ndio waliokutwa na mvuke. Watano walikufa. Kila mara nikisikia mkurugenzi akijisifu kwamba amefuata orodha yote, hukumbuka Mihama.

Neno "uzee" nalo nalitilia shaka. Civaux nchini Ufaransa ni miongoni mwa vituo vichanga vya nchi hiyo. Kinu chake cha kwanza kiliunganishwa kwenye gridi mwishoni mwa 1997, na Mei 1998 bomba lake la kupozea lilikuwa limeshapasuka ufa wa sentimita 18 kwa uchovu wa joto. Mwishoni mwa 2021, katika kituo hicho hicho, zikakutwa nyufa za ile njia ya tatu, ya kimya, kwenye matawi ya mabomba ya usalama. Vinu vikazimwa kimoja baada ya kingine ili vikaguliwe, na vichanga ndivyo vilivyokutwa na hali mbaya kuliko vikongwe vingi. Mwaka 2022 umeme wa nyuklia wa Ufaransa ulishuka hadi terawati-saa 279, kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1988. Mapito ya bomba, kona zake, jinsi lilivyochomelewa: hivyo vilikuwa na uzito kuliko cheti cha kuzaliwa.

Kwa watu wa pwani kuna jambo jingine, na hili sihitaji kwenda Ulaya kulitafuta. Koeberg, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi Afrika, kimekaa ufukweni kaskazini ya Cape Town. Vinu vyake viwili vilianza kazi 1984 na 1985, na Julai 2024 kile cha kwanza kilipewa ruhusa ya kuendelea hadi 2044. Huko nyufa zilikutwa kwenye matangi ya maji ya akiba yaliyokaa nje, ya chuma kile kile kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Hazikuanzia ndani. Zilianzia nje, kwenye upepo wa bahari: chumvi hutua juu ya chuma, usiku hunyonya unyevu ikawa majimaji, na karibu na mishono, ambako chuma bado kinavutwa, ufa huingia. Mkazi wa Kilifi anayebadilisha mabati kabla ya ndugu yake wa bara anaijua nusu ya habari hii. Nusu ya pili ni kwamba chuma hiki hakiachi alama nyekundu ukutani. Kituo kikijengwa pwani yetu, ningependa kwanza kuona daftari la nani atapangusa chumvi wapi, kila baada ya miezi mingapi, kabla ya kuoneshwa mchoro wa lango.

Narudi Chang'ombe. Fundi alipomaliza na lile bomba la kwanza, nilimuuliza habari za yale matatu. Akasema hayajalipiwa. Akanywa chai. Kisha akachukua mojawapo, lile lililokuwa limekaa karibu zaidi na pampu, akalisugua, akalipulizia rangi ya kwake mwenyewe, tukasubiri tena dakika kumi na tano. Unga mweupe ulibaki mweupe. Akavuta daftari la kaunta lenye jalada lililochakaa, akaandika tarehe, namba aliyoikuta imegongwa kwenye soketi, na neno moja: safi. Mstari uliofuata akaandika namba za yale mawili mengine, na mbele yake akaandika: hayajapimwa.