Mota Isife kwa Ajili ya Kibao Kidogo

Mpini wa jembe ukivunjika, mkulima hatupi jembe. Hukata mti mwingine, akatia mpini mpya, na kesho yake yuko shambani. Mashine za umeme tunazouziwa siku hizi zingefaa kuundwa kwa akili hiyo hiyo. Nyingi hazikuundwa hivyo, na yatupasa kulisema jambo hili kabla ya kutoa fedha zetu.

Tutazame kwanza Tassia, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako watu hula mboga zitokazo mashambani. Kabeji ikishateremshwa sokoni, mara nyingi ni pikipiki inayoifikisha kwa mama mboga, na pikipiki za umeme zinazidi kuongezeka mjini. Baadhi yake zina mota ndani ya gurudumu la nyuma. Mota hiyo haina brashi za kaboni. Ndani yake mna koili za shaba, sumaku kali, na kibao chembamba chenye sensa tatu. Sensa hizo huitwa za Hall, kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua kanuni yake mwaka 1879. Kazi yake ni kuiarifu kontrola sumaku zimefika wapi, ili ipeleke umeme katika koili ipasayo.

Sensa moja ikiharibiwa na joto au maji, mota hutetemeka, hunguruma, au hukataa kuondoka. Mwenyewe hudhani mota nzima imekufa. Fundi mwenye mita ya umeme aweza kujua kweli upesi: huzungusha gurudumu polepole na kutazama kama umeme wa kila waya wa sensa unapanda na kushuka. Kujua si taabu. Taabu ni kukifikia kibao. Hana budi kuvua gurudumu, kufungua kifuniko, kuvuta koili kutoka katika sumaku zenye nguvu ya kubana vidole, kukwangua gundi, kisha kulehemu nyaya nyembamba. Kitu cha bei ndogo kabisa hula siku nzima ya kazi, ama mota nzima hutupwa.

Labda utauliza, "Hayo ya Tassia yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Mota zisizo na brashi zimo pia katika pampu nyingi za jua. Ni kweli kwamba pampu nyingine hazina sensa hata moja; kontrola hukisia mahali pa sumaku kwa kupima umeme unaozaliwa katika koili. Kwa pampu hilo laweza kutosha. Lakini mashine inayoanza na mzigo mzito, kama pikipiki yenye magunia mlimani, huondoka vizuri zaidi ikiwa na sensa. Na mota yoyote ikikaa siku kumi kwa fundi wa mbali, nyanya zako hazingoji.

Wenye viwanda husema mota hufungwa kabisa ili maji na vumbi visiingie. Neno hilo lina haki yake. Lakini kifuniko kidogo chenye skrubu na gasketi ya mpira nacho huzuia maji. Kibao chaweza kuwekwa chini yake, mwishoni mwa mota, kikisoma sumaku ndogo iliyofungwa pamoja na sehemu izungukayo. Kiwe na plagi badala ya nyaya za kulehemu, na vijiti viwili vya kukiweka mahali pake barabara, maana kikisogea kidogo mota huenda vibaya. Hapo fundi wa kijijini atakibadili kwa bisibisi.

Waundaji hawako mbali nasi tena. Mwaka 2023 kampuni ya Roam ilifungua Nairobi kiwanda cha kuunganisha pikipiki za umeme. Nako Ulaya, mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya mnunuzi kutengenezewa baadhi ya vyombo vyake. Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya nalo lingefanya vema kulitia jambo hili katika kanuni zake.

Lakini tusikae tukingoja sheria. Chama cha ushirika kinachonunua mashine ishirini kina sauti kuliko mtu mmoja. Basi kabla ya kulipa, kamati iulize maneno matatu: Kibao cha sensa kiko wapi? Chafunguliwa kwa chombo gani? Kipuri chake chauzwa wapi, na kwa bei gani? Muuzaji asiyeweza kujibu, na akae na mota yake.