Daftari la Wiki: Nani Anakutunzia Barua?

Mkazi wa Marekani anayesafiri huiagiza posta isimpelekee barua nyumbani. Posta huzishika kwa siku 3 hadi 30. Akikawia huomba siku ziongezwe, mradi zisipite hizo 30. Huku Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hakuna anayebisha hodi na barua. Zipo za kwenye sanduku la posta, na zipo bahasha zinazokuja mkononi mwa dereva wa gari la Bujumbura. Mwenye safari humwachia ndugu ufunguo wa sanduku, basi. Lakini akikawia je? Na kukawia pwani hii si ajabu: miaka ya karibuni petroli imeadimika Burundi, na wengi wamepanga kurudi Jumatatu wakakosa gari wiki nzima.

*

Ziwa hili linamjua mtunza barua mmoja anayestahili kukumbukwa zaidi. Mfuko wa barua za Dkt. Livingstone uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ukatoka Zanzibar. Msafara ulizubaa Bagamoyo kwa miezi, kisha ukafika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na hapo vita vya Mirambo na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji, mji wa ziwa hili. Mchukuzi wake aliitwa Kaif-Halek. Mfuko ulibaki naye mpaka mwandishi wa habari Stanley alipomchukua kwenda naye Ujiji, mwaka 1871. Livingstone alisoma barua moja mbili za watoto wake, nyingine akaziweka, akataka kwanza kusikia habari za dunia.

Baadaye Wazungu hao wawili walipanda mtumbwi wakaambaa na ufuko huu kwenda kuutazama mto Rusizi. Jiwe la Mugere, kaskazini ya Rumonge, limechorwa 25-XI-1871. Kila mtoto wa shule anajua salamu walizopeana Ujiji. Kaif-Halek, aliyeshika amana ya mtu katikati ya vita, hana jiwe.

*

Anwani nayo husafiri. Hadi mwanzoni mwa 2015 barua ya Rumonge iliandikwa mkoa wa Bururi. Mwaka huo Rumonge ikawa mkoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa kuwa 5, na Rumonge sasa iko Burunga. Aliyeondoka miaka kumi iliyopita huenda bado anaandika jina la mkoa ambao haupo tena. Na katika mtaa wa Kanyenkoko hapa Rumonge, ambako maji ya ziwa yameingia majumbani, hata nyumba yenyewe inaweza kuwa imehama.

*

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania hawakuwa na posta ya kuomba iwashikie kitu. Wengi walirudi baada ya miaka zaidi ya 30 wakakuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya. Kwa familia zilizotenganishwa, Msalaba Mwekundu hubeba barua zisizofungwa, zenye habari za kifamilia tu. Ni kazi kubwa, na haisifiwi vya kutosha.

*

Msomaji mwenye safari, usimwachie jirani ufunguo kwa maneno ya mlangoni. Andika jina lake, jina lako, namba ya sanduku na siku ya mwisho, nakala ipeleke posta. Lipa ada ya sanduku kabla hujapanda gari. Na ukiona siku zinakaribia kwisha nawe bado uko ugenini, mpigie anayekutunzia kabla hazijaisha.