Kwa Nini Mifumo Mikubwa ya Umma Huzinduliwa Ikiwa Haijakamilika

Taasisi ya umma inapotangaza kuwa mfumo wake mpya wa kielektroniki utaanza kutumika kwa awamu, wananchi wengi huuliza kwa nini kazi isikamilishwe kwanza ndipo uzinduzi ufanyike. Swali hilo ni la haki. Mfumo unapokwama, anayeumia kwanza ni mstaafu anayesubiri pensheni, mzabuni anayedai malipo yake au mwanafunzi ambaye mkopo wake haujaingia.

Jibu linapatikana katika mbinu ya kutengeneza programu ambayo wataalamu huiita ajaili. Jina hilo lilitokana na ilani fupi iliyoandikwa Februari 2001 na watengenezaji programu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Kwa mbinu hiyo, mahitaji yote hayaandikwi mwanzoni na kukabidhiwa mkandarasi kwa miaka kadhaa. Timu ndogo hutengeneza sehemu moja inayofanya kazi ndani ya wiki chache, huwapa watumiaji waijaribu, kisha hupanga hatua inayofuata kulingana na mahali walipokwama. Ugumu hujitokeza pale mbinu iliyozaliwa katika timu ndogo inapopelekwa kwenye taasisi yenye maelfu ya watumishi, ngazi nyingi za idhini, bajeti ya mwaka na sheria ya ununuzi.

Uingereza ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2010 Serikali ya nchi hiyo ilitangaza Universal Credit, mpango wa kuunganisha mafao sita ya wasio na ajira na wenye kipato cha chini kuwa fao moja linaloombwa kwa njia ya mtandao. Wizara ya Kazi na Pensheni ilichagua mbinu ya ajaili, ingawa haikuwahi kuitumia katika mradi wenye ukubwa huo. Wakati huohuo, tarehe za utekelezaji zilikwishatangazwa na kanuni za fao zilikuwa bado zinaandikwa.

Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya Septemba 2013 ilibainisha kuwa wizara ilipata tabu kuiingiza mbinu hiyo katika mikataba, utaratibu wa uongozi na ukaguzi uliokuwapo. Pauni milioni 34 zilizotumika katika teknolojia ya habari zilifutwa kwenye vitabu kwa kuwa kilichotengenezwa kisingetumika. Kwa maneno mengine, mbinu ilibadilishwa jina mezani kwa watengenezaji programu, lakini fedha, mikataba na maamuzi viliendelea kwenda kwa mwendo wa zamani. Timu inayoweza kurekebisha kosa kwa siku mbili haina faida kubwa ikiwa idhini ya marekebisho hayo huchukua miezi miwili.

Mradi ulipangwa upya mwaka 2013. Wizara iliunda timu ya ndani iliyowaweka pamoja watunga sera, watumishi wanaohudumia waombaji na wataalamu wa programu, wakaanza kutengeneza huduma mpya ya kidijitali. Novemba 2014 huduma hiyo ilijaribiwa katika sehemu ya Sutton, kusini mwa London, kwa waombaji wachache, na upanuzi wake mkubwa ulianza mwaka 2016. Lengo la kukamilisha mpango wote mwaka 2017 halikufikiwa, na tarehe ilisogezwa zaidi ya mara moja.

Hata baada ya programu kutengemaa, malalamiko makubwa ya waombaji yalihusu kusubiri wiki sita kabla ya kupata malipo ya kwanza. Wapo walioingia katika madeni ya kodi ya nyumba kwa sababu hiyo. Muda huo uliwekwa na kanuni, hivyo hakuna mtengenezaji programu ambaye angeweza kuupunguza kwa kurekebisha ukurasa wa mtandao. Ulipungua hadi wiki tano mwaka 2018, baada ya Serikali kubadili kanuni. Wanaoinadi mbinu ya ajaili aghalabu hulipita jambo hili haraka mno: inaonesha mapema mahali mwananchi anapoumia, lakini dawa mara nyingi iko katika ofisi nyingine kabisa.

Hofu nyingine ni kwamba mbinu hii inamaanisha kufanya kazi bila mpango, na hivyo mkaguzi hana cha kukagua. Mfano wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, unapunguza hofu hiyo. Mwaka 2005 shirika hilo liliachana na mfumo wake wa kuhifadhi majalada ya kesi baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, ulikabidhiwa mkandarasi mwaka 2006, nao ukachelewa. Mwaka 2010 FBI iliichukua kazi hiyo mikononi mwake, ikapunguza idadi ya wahusika na kuanza kuonesha sehemu inayofanya kazi kila baada ya wiki mbili. Mfumo ulianza kutumika rasmi Julai 2012 ndani ya bajeti ya dola milioni 451. Mkaguzi katika mazingira hayo ana kitu cha kukagua kila baada ya siku chache, tena kitu kinachofunguka kwenye kompyuta badala ya jedwali la asilimia za utekelezaji.

Kwa Tanzania, suala hili lina uzito kwa kuwa malipo ya Serikali, leseni na zabuni vinazidi kuhamia mtandaoni chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 ukichukua nafasi ya TANePS, umeendelea kuongezewa moduli baada ya kuzinduliwa, ikiwemo ya kuwasilisha malalamiko na rufaa za zabuni. Mifumo inayojengwa na wataalamu wa ndani ina nafuu moja katika mwendo huu, kwani marekebisho hayalazimiki kusubiri nyongeza ya mkataba na mkandarasi. Nafuu hiyo hupotea, hata hivyo, iwapo kila badiliko dogo litahitaji kikao cha wakuu wote.

Kwa mwananchi anayesoma tangazo la mfumo mpya, neno “awamu” pekee halitoshi. Tangazo linapaswa kueleza huduma zipi zinaanza na zipi bado, utaratibu wa zamani utabaki wazi hadi lini, na ni nani mwenye mamlaka ya kusitisha uzinduzi endapo majaribio yataonesha kasoro. Linapaswa pia kutaja mahali pa kupata msaada bila gharama. Huko Uingereza, simu za kuulizia Universal Credit ziliendelea kutozwa hadi mwishoni mwa mwaka 2017, wakati wapigaji wengi walikuwa watu wanaosubiri fedha zao za kwanza.