Hoja Ijibiwe kwa Hoja

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2005, wananchi wa Pemba walipiga kura katika majimbo 18 ya kisiwa hicho, tangu Micheweni mpaka Mkoani, na majimbo yote 18 yakawachagua wabunge wa Chama cha Wananchi, CUF, ambacho kilikuwa chama cha upinzani. Yanaweza kusemwa mengi juu ya matokeo hayo, na yamesemwa. Lakini moja halina ubishi: kwa miaka mitano iliyofuata, hapakuwa na mbunge wa jimbo lolote la Pemba katika Bunge la Jamhuri ya Muungano ambaye hakuketi upande wa upinzani. Basi yeyote aliyezoea kusema kwamba maneno ya wapinzani Bungeni ni kelele tu, hana budi kujiuliza kama anataka kutuambia kuwa kisiwa kizima kilituma kelele Dodoma.

Tunalileta suala hili mbele ya watumishi wa umma na walimu kwa makusudi. Waziri ndiye anayesimama Bungeni kujibu, lakini majibu yake huandaliwa na mtumishi aliye ofisini. Mbunge ndiye anayezungumza, lakini mwananchi wa kijijini hufafanuliwa maana ya mazungumzo hayo na mwalimu. Makundi haya mawili yakidharau hoja kwa sababu ya kiti alichokalia msemaji, Taifa zima hupata hasara.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikuacha shaka juu ya jambo hili. Ibara ya 63 inasema kuwa Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Hakuna mahali ambapo Katiba imesema kuwa kazi hiyo ni ya wabunge wa upande mmoja. Mbunge wa chama kinachotawala anaposhangilia kila kitu, na mbunge wa upinzani anapopinga kila kitu, wote wawili wameiacha kazi waliyotumwa.

Pemba inajua vizuri kuliko sehemu nyingi gharama ya kutokuwa na msemaji. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 na umwagaji damu wa Januari 2001, wabunge wa CUF walisusia vikao, na viti vingi vya Pemba vikabaki vitupu. Muafaka ulitiwa saini Oktoba 2001, lakini viti hivyo havikujazwa mpaka chaguzi ndogo za Mei 2003. Katika muda huo bajeti ziliendelea kupitishwa na sheria ziliendelea kutungwa. Mvuvi wa Wete na mkulima wa karafuu wa Mkoani walitozwa kodi na kufungwa na sheria zilizojadiliwa bila ya mtu wao kuwamo ukumbini. Hilo ni funzo kwa pande zote mbili. Anayesusa hupoteza sauti ya waliomtuma, na anayefurahia kususa kwa mwenzake hujidanganya kuwa jambo limekwisha, kumbe limefunikwa tu.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja mfano ambao tungependa wasomaji wetu wautafakari. Kati ya mwaka 2005 na 2010, Kiongozi wa Upinzani Bungeni alikuwa Ndugu Hamad Rashid Mohamed, Mbunge wa Wawi, jimbo la kisiwani Pemba karibu na mji wa Chake Chake. Huyu hakuwa mgeni wa mambo ya Serikali. Katika miaka ya 1980 alikuwa Naibu Waziri, na mwaka 1988 alifukuzwa katika Chama Cha Mapinduzi pamoja na Ndugu Seif Sharif Hamad na wenzao wengine. Alipokuwa akiongoza Kambi ya Upinzani, aliijua serikali kwa ndani na aliijua kwa nje.

Kazi ya kambi hiyo inafaa ielezwe, kwa sababu wengi huidhania kuwa ni kazi ya kulaumu. Kila wizara ilipowasilisha makadirio yake ya matumizi, Waziri alisoma hotuba, Kamati ya Bunge iliyohusika ilitoa maoni yake, kisha Msemaji wa Upinzani kwa wizara hiyo alisoma maoni ya kambi yake. Maoni hayo yote yaliingia katika Taarifa Rasmi ya Bunge, maneno yakiwa kamili. Msemaji aliyefanya kazi yake sawasawa aliyasoma makadirio kifungu kwa kifungu, aliyalinganisha na ya mwaka uliotangulia, aliuliza fedha zilizoidhinishwa zimefanya nini, kisha alisema yeye angefanya nini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na haikufanyika kwa kupaza sauti.

Kwa mbunge atokaye Pemba ugumu huongezeka. Karafuu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa kisiwa hicho, si jambo la Muungano. Mahali pake ni Baraza la Wawakilishi. Afya na kilimo kadhalika. Mbunge huyo anapokwenda Dodoma, yanayomhusu moja kwa moja ni mambo ya Muungano, ambayo yalikuwa 11 mwaka 1964 na sasa yameorodheshwa 22 katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba: fedha na sarafu, ushuru wa forodha, ulinzi, elimu ya juu, Baraza la Mitihani na mengineyo. Humo ndimo yalimokuwa maswali mazito ya miaka ile. Mgawanyo wa mapato uweje? Mafuta na gesi yawe ya nani? Julai 2008, Waziri Mkuu Ndugu Mizengo Pinda alipolieleza Bunge kuwa Zanzibar si nchi, mjadala uliwaka pande zote mbili za bahari. Aprili 2009 Baraza la Wawakilishi liliamua kuwa mafuta na gesi asilia yaondolewe katika mambo ya Muungano. Mambo hayo hayakuzuliwa na wapinzani. Yalikuwa maswali ya wananchi, na yalihitaji majibu.

Na inapotokea hoja ikapewa nafasi, matunda yake huonekana. Agosti 2007, Ndugu Zitto Kabwe, Mbunge wa Kigoma Kaskazini kutoka upinzani, alisimamishwa kushiriki vikao vya Bunge baada ya kudai iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Novemba mwaka huo huo, Rais Jakaya Kikwete alimteua mbunge huyo huyo kuwa mjumbe wa Kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuchunguza sekta ya madini. Baadaye ikatungwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Hoja iliyoadhibiwa Agosti ilikuwa imekaribishwa mezani Novemba. Tunauliza: kwa nini haikukaribishwa tangu mwanzo?

Walimu wanao mfano wao, na ni mchungu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2013, Ndugu James Mbatia wa NCCR-Mageuzi aliwasilisha Bungeni hoja binafsi juu ya udhaifu katika elimu, na akauliza mtaala rasmi uko wapi. Hoja hiyo haikupita. Wiki chache baadaye, Februari 2013, yalitangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mtihani huo ni mmoja kwa nchi nzima. Kijana wa Chake Chake huufanya siku ile ile anapoufanya kijana wa Songea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa umeonyeshwa ndani ya ukumbi wa Bunge, lakini aliyeuonyesha alikuwa ameketi upande usiopendwa.

Hatusemi kwamba kila asemalo mbunge wa upinzani ni kweli. Wapo wanaosimama bila takwimu, wapo wanaotafuta makofi ya vijiweni, na wapo wanaotoka nje ya ukumbi pale hasa wananchi wanapowahitaji wabaki. Hao nao wanastahili kuambiwa. Mbunge aliyetumwa na watu wa Pemba, wanaovuka bahari kwa shida kutafuta riziki, hana ruhusa ya kuutumia muda wao kwa matusi. Alete tarakimu, alete kifungu cha sheria, alete pendekezo la marekebisho, kisha abaki kitini mpaka swali lihojiwe.

Tena ni vizuri kila anayeuliza akumbuke kuwa siku moja anaweza kuulizwa. Mwaka 2016, Ndugu Hamad Rashid, wakati huo akiwa katika chama cha ADC, aliteuliwa na Rais Ali Mohamed Shein kuwa Waziri wa Kilimo wa Zanzibar, na baadaye akawa Waziri wa Afya. Mtu aliyekuwa akihoji makadirio ya wenzake akawa mwenye makadirio ya kutetea. Watumishi waliomwona zamani kuwa ni mtu wa upande wa pili wakawa wanampelekea majalada atie saini. Uongozi wa nchi ni dhamana inayopita mikono mingi. Hoja nzuri haina budi kulindwa hata pale mwenyewe anapobadilika.

Kwa hiyo tunatoa wito. Mtumishi wa umma anapopokea swali la mbunge wa upinzani, asitafute maneno ya kulikwepa, na asijifiche nyuma ya jibu la kuwa suala linafanyiwa kazi wakati hakuna anayelifanyia kazi. Aseme fedha kiasi gani zimetolewa, zimekwenda wapi, na kazi itakwisha lini. Mwalimu wa somo la Uraia naye awafundishe wanafunzi kuisoma Taarifa Rasmi ya Bunge, wapime neno kwa uzito wake kabla ya kutazama jina la chama cha msemaji. Na wabunge wa chama kinachotawala, ambao wingi wao unatosha kupitisha karibu kila kitu, wafahamu kuwa kugonga meza hakujawahi kuwa jibu la swali.

Mwananchi wa Wawi, wa Konde au wa Chambani haulizi mbunge wake alishangiliwa na nani. Anauliza alisema nini, na Serikali ilimjibu nini. Ni haki yake kupata majibu ya maswali hayo yote mawili.